Maji Yakichemka Hayavunjiki: Miaka Thelathini na Minne ya Mwalimu Haruni Najibu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, mara baada ya swala ya mchana, Shule ya Sekondari Rwengabo hapa Muleba inamuaga Mwalimu Haruni Najibu. Amefundisha Kemia kwa miaka thelathini na minne kasoro siku nne, yote katika shule hii hii. Aliripoti tarehe 1 Julai 1991 akiwa na sanduku la bati, cheti cha stashahada na koti jeupe la maabara, wakati shule yenyewe haikuwa na maabara. Anastaafu akiwa na miaka sitini, meno yote mdomoni, na koti lile lile, ingawa weupe wake sasa ni suala la imani.

Kamati ya maandalizi iliniomba ukurasa mmoja. Nawaomba radhi wanakamati. Mimi nafundisha Baiolojia, na kwa miaka kumi na tisa nimegawana na mtu huyu maabara moja, sinki moja na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu kabati la kushoto, ambalo alilifunga kwa kufuli na kukataa katakata kuniachia hata rafu moja. Mtu wa namna hiyo haenei kwenye ukurasa mmoja.

Nianze na siku ya mkaguzi. Ilikuwa mwaka 2011, mvua za masika zimeshika kasi. Mkaguzi alifika bila taarifa, akamkuta mwalimu mzima amesimama nje ya mlango wa darasa, mikono nyuma, koti limelowa bega moja. Ndani, msichana wa Kidato cha Tatu alikuwa ameshika chaki na anafundisha wenzake kwa sauti ya kujiamini. Mkaguzi akauliza kulikoni. Mwalimu Haruni akajibu kwa adabu zote: "Nimekosea, mzee. Wananifundisha." Tulisubiri barua ya karipio wiki nzima, haikuja.

Wageni huona kichekesho, lakini sisi tumezoea. Hiyo ndiyo kanuni ya mlango. Mwanafunzi akidai kwamba mwalimu amekosea, mwalimu anatoka nje na mwanafunzi anashika chaki mpaka amalize hoja yake, hata kama hoja yenyewe haina miguu. Ildefons, fundi wetu wa maabara, huweka alama ya penseli ukutani kila Mwalimu anapotolewa. Hadi wiki iliyopita zilikuwa mia moja na kumi na saba. Kanuni hiyo ina chanzo, na Mwalimu mwenyewe hukisimulia kila mwaka mbele ya Kidato cha Tatu, kwa hiyo sifichui siri ya mtu.

Mwalimu Haruni ni mtoto wa Bakoba, pale Bukoba mjini. Babu yake alitoka pande za Pangani, akaoa hapa, akazikwa hapa. Nyumbani kwao ni swala tano na Kiswahili, barabarani ni Kihaya. Alipoletwa Rwengabo alikuta watoto wa wakulima, wengi wao Wakatoliki, kutoka kwenye vibanja vya migomba na kahawa. Walimpenda upesi kwa sababu alikuwa na maneno ya kuchekesha na mwandiko mzuri ubaoni. Yeye naye aliwapenda, ila kulikuwa na mambo ya nyumbani kwao ambayo hakuwahi kuyaona kwa macho.

Siku moja mwaka 1997 alikuwa anaeleza kuchemka. Alichora molekuli ya maji, ile chembe ndogo kabisa ya maji inayoweza bado kuitwa maji: oksijeni moja katikati, haidrojeni mbili pembeni. Kisha akachora mkasi unaokata kati ya oksijeni na haidrojeni. Maji yakichemka, akasema, ndipo yanapokatika, na mvuke ni haidrojeni na oksijeni zikienda kila moja njia yake. Ndivyo alivyonakili kwa haraka chuoni na ndivyo alivyofundisha kwa miaka sita, bila mtu kumbishia.

Msichana wa miaka kumi na sita aitwaye Alistidia Kyaruzi akanyoosha mkono. Mwalimu anayakumbuka maneno yake yote: "Waitu mwalimu, bibi yangu akipika enkonyagi, mvuke unaingia kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, na mwisho yanatoka matone. Kama vilishakatika, huko ndani ya bomba anayeviunga tena ni nani?"

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Enkonyagi ni gongo ya ndizi, na kila mtu alijua mwalimu wao hajawahi hata kulisogelea pipa lake. Yeye akadhani anafanyiwa mzaha yeye na dini yake. Hakusikia swali, alisikia gongo tu. Akamtoa msichana nje asimame vipindi viwili, na jioni akaandika barua ya kumwita mzazi, akitaja waziwazi kwamba binti ameleta darasani habari za utengenezaji wa pombe haramu nyumbani kwao.

Alikusudia kufundisha adabu. Nyumbani waliisoma barua ile kwa namna nyingine kabisa: shule imeshajua, polisi wanakuja. Siku hiyo hiyo bibi, marehemu Mama Benigna, alivunja mtungi wake na kulikunja bomba la shaba akalifukia kibanjani. Kesho yake binti akapelekwa kwa shangazi, mbali, ambako hakuna mtu angemuuliza habari za gongo. Hakurudi tena Rwengabo. Daftari lake la Kemia lilibaki mezani kwa mwalimu likisubiri kusahihishwa.

Mwalimu Haruni alilisahihisha. Swali la nne liliuliza nini hutokea maji yakichemka. Alistidia alikuwa ameandika kwa penseli: "Maji yanaachiliana, lakini kila moja linabaki maji." Mwalimu aliweka mkasi mwekundu mkubwa, alama ya kosa, juu ya jibu hilo, akalifunga daftari.

Miaka sita ikapita. Mwaka 2003 walimu wa sayansi waliitwa semina Bukoba mjini. Mkufunzi akauliza swali jepesi: yale mapovu ndani ya maji yanayochemka yana nini? Mwalimu Haruni, mwepesi wa kunyoosha mkono kama mnavyomjua, akawa wa kwanza: haidrojeni na oksijeni. Mkufunzi hakumcheka. Alimwomba tu afikirie nini kingetokea mtu akiwasha kiberiti karibu na birika linalochemka, kama kweli gesi hizo mbili zingekuwa zinatoka mdomoni mwake. Jiko zima lingelipuka. Kila asubuhi, katika kila nyumba ya Kagera, mtu anapika chai juu ya moto na hakuna anayelipuka.

Mwalimu anasema alikaa chini, na hakuliona birika. Alimwona msichana amesimama nje ya mlango.

Kile alichojifunza siku ile ndicho kilichomfanya kuwa mwalimu bora wa Kemia niliyepata kumwona, nami nimewaona wengi. Mkasi ule ulikuwa mahali pasipo pake. Ndani ya molekuli, oksijeni na haidrojeni zimeshikana barabara, na moto wa jiko hauziwezi. Kinachokatika maji yakichemka ni mvuto kati ya molekuli moja na jirani yake. Haidrojeni ya molekuli hii, ikiwa imenyang'anywa sehemu ya elektroni zake na oksijeni iliyoishika, inavutwa na oksijeni ya molekuli ya pili. Huo ndio muungano wa haidrojeni. Nguvu yake ni kama sehemu moja ya ishirini ya ule mshikamano wa ndani.

Huwaeleza wanafunzi kwa kuwasimamisha wawili wawili, wameshikana mikono. Vutaneni, anawaambia, na wanavutana mpaka wanaachiana, wengine wanaanguka chali. Halafu anauliza: kuna ambaye mkono wake umetoka begani? Hakuna. Basi, hivyo ndivyo maji yanavyochemka. Nimesikia darasa hilo kupitia ukutani mara kumi na tisa na bado huwa nasimamisha kipindi changu cha figo ili nisikilize.

Halafu kuna mashindano ya matone. Mwalimu hudondosha matone matatu juu ya ubao mdogo: asetoni, spiriti na maji. Asetoni aliitoa kwenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha ya mkewe, Mama Yasmin, ambaye kwa miaka mingi alimtuhumu mfanyakazi wa nyumbani asiye na hatia. Darasa linaambiwa kwanza uzito: molekuli ya asetoni ni hamsini na nane, ya spiriti arobaini na sita, ya maji kumi na nane tu. Wanabashiri. Karibu wote husema maji, mepesi kuliko yote, yatakauka kwanza. Asetoni inapotea wakiwa bado wanabishana, spiriti inafuata, na maji yanabaki pale pale yakiwatazama.

Hapo ndipo anapozipanga nguvu hizo. Ya kwanza ni mvuto wa muda mfupi, ambao molekuli zote duniani zinao, unaotokea elektroni zinaposogea upande mmoja kwa kitambo kidogo na kuishtua molekuli ya jirani. Ya pili ni ya molekuli zenye upande chanya na upande hasi wa kudumu, kama asetoni, ambazo hujipanga chanya kwa hasi. Ya tatu ni muungano wa haidrojeni, wenye nguvu kuzizidi hizo mbili molekuli zinapokaribiana ukubwa, na unataka haidrojeni iliyoshikwa moja kwa moja na oksijeni, naitrojeni au florini. Asetoni haina haidrojeni ya namna hiyo. Spiriti inayo moja. Maji yanazo mbili, na molekuli moja ya maji inaweza kushikana na majirani wanne. Kwa nyongeza huwatajia haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, molekuli nzito karibu mara mbili ya maji lakini ni gesi hata siku ya baridi kabisa Bukoba, kwa sababu salfa haina uwezo huo wa oksijeni.

Asije mtu akatoka darasani kwake akidhani mvuto wa muda mfupi ni wa kudharauliwa. Huinua mshumaa na kibatari. Mafuta ya taa na nta ya mshumaa vyote vinategemea mvuto huo dhaifu peke yake, lakini nta ina molekuli ndefu, zinagusana sehemu nyingi, ndiyo maana mshumaa unasimama wima na mafuta ya taa yanamwagika. Wanafunzi wanaosahau sehemu hiyo hukosa maksi mbili, nami sijawahi kuona mtu akiomba na kupewa.

Nimekwenda mbali. Turudi 2003.

Mtu mwingine angerekebisha somo lake kimyakimya akaendelea na maisha. Mwalimu Haruni alipotoka semina alifungua madaftari yake yote ya mahudhurio tangu 1991, akahesabu wanafunzi mia sita na kumi na wawili aliowafundisha mkasi mahali pasipo pake. Akaandika karatasi ya masahihisho, akaisoma mstarini asubuhi mbele ya shule nzima, akaibandika kila ubao wa matangazo uliomruhusu. Kisha akafanya jambo ambalo Muleba bado wanalizungumza. Alijua kwamba hapa kwetu, ukitaka habari ifike kila nyumba, inasomwa kanisani baada ya Misa. Akapanda baiskeli, akazunguka vigango na parokia, akawaomba makatekista wamsomee tangazo. Misikitini alisoma mwenyewe.

Nilikuwepo kigangoni kwetu Jumapili ile, bado nikiwa mwanafunzi wa chuo. Tangazo lilisomwa kati ya ndoa ya watu wawili na ng'ombe mwekundu aliyepotea: Mwalimu Haruni Najibu wa Rwengabo anawatangazia wote aliowafundisha Kemia kwamba maji yakichemka hayavunjiki, na anaomba radhi. Mama mmoja mzee mbele yangu akamgeukia jirani yake akauliza kwa Kihaya ni nani huyo aliyekuwa amesema yanavunjika. Mimi nilicheka mpaka nikakanyagwa mguu na mama yangu. Sikujua kwamba siku moja nitafanya kazi na huyo mtu, na kwamba tangazo hilo ndilo lingenifanya niombe kupangiwa Rwengabo.

Kila aliyefikiwa alipata alama ya vyema mbele ya jina lake. Wengine walimpigia simu kutoka Mwanza na Dar es Salaam. Wengine aliambiwa wamefariki, na kwa hao alikwenda kumweleza mzazi au mjane, akanywa maji aliyopewa, akarudi. Kufikia 2009 majina mia sita na kumi na moja yalikuwa na vyema. Lililobaki bila alama ni la Alistidia Kyaruzi.

Nyumbani kwao alikwenda mara tatu. Mama Benigna alikuwa ameshazikwa, kibanja kinalimwa na watu wengine, majirani wakisema huyo binti yuko Karagwe, hapana, Uganda, hapana, ameolewa visiwani. Mara ya tatu mzee mmoja ndiye aliyemweleza habari ya barua na mtungi uliovunjwa. Mwalimu alirudi shuleni kwa miguu akiburuta baiskeli. Wiki hiyo ndipo ilipoanza kanuni ya mlango.

Mafanikio yake mengine yako kwenye faili, na mgeni rasmi atayasoma: maabara iliyojengwa mwaka 2006 kwa yeye kuwasumbua watu wazima bila kuona haya, miaka minane mfululizo ya Kemia bila sifuri, wauguzi, wafamasia na mainjinia wa maji wasiohesabika. Ninawapenda wote hao. Lakini Januari mwaka huu, tulipokuwa tunafuta vumbi, nilimuuliza anajisikiaje kumaliza, akaniambia hajamaliza. Alisema kwa sauti ya kawaida, akikunja kitambaa, kwamba anakwenda nyumbani na mtoto mmoja bado amesimama nje. Nilijifanya natafuta ufagio kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Mwezi Aprili nilikwenda Rubafu kwenye sherehe ya kumuaga binamu yangu anayeolewa. Jirani wa pale ana mtambo wa kukamua mafuta ya mchaichai kwa mvuke: pipa, bomba, beseni la maji baridi. Alikuwa anawaonesha wageni jinsi mafuta yanavyojitenga na maji juu ya chupa, akisema maji yanapendana yenyewe kwa yenyewe mno, hayana nafasi ya mafuta. Nikamuuliza amesomea wapi. Akasema hakusoma, aliishia Kidato cha Tatu, Rwengabo. Nikamuuliza jina. Akasema: Alistidia Kyaruzi.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, bila hata kukaribishwa kiti. Alisikiliza huku akiendelea kuchochea moto. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu: "Bado anafundisha kwamba yanavunjika?" Nikamwambia hapana. Kisha akasema kwamba barua ilimuuma, na bibi yake kuvunja mtungi kulimuuma zaidi, lakini kilichomkaa moyoni miaka yote ni kwamba aliuliza swali na hakujibiwa. Jibu alilitafuta mwenyewe kwa pipa na bomba, na alishalipata zamani. Bado angependa kulisikia kwa mwalimu wake.

Mwalimu Haruni, nakujua. Karatasi ya sherehe huwa unaisoma mpaka mstari wa mwisho kabla mgeni rasmi hajafungua kinywa, ukitafuta makosa ya chapa. Basi umefika hapa. Inua kichwa. Safu ya tatu, upande wa madirisha, kitenge cha kijani, chupa ndogo ya mafuta ya mchaichai mapajani: ndiye. Amekuja kwa hiari yake na ameniruhusu niyaandike haya. Daftari lake liko mbele yako chini ya kitambaa cha meza. Ildefons alinipa ufunguo wa kabati la kushoto, ambamo ulilitunza, na sasa najua kwa nini uliwanyima rafu vifaranga wangu wa Baiolojia, niliowahifadhi kwenye chupa za spiriti, kwa miaka kumi na tisa. Nimeona pia kwamba kwenye swali la nne ulishafuta mkasi mwekundu ukaweka vyema, na tarehe: 14 Septemba 2003.

Kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi wote wa Rwengabo: asante kwa miaka yako, kwa matone yako, na kwa kutufundisha kwamba mtu mzima anaweza kutoka nje ya mlango akarudi akiwa na heshima zaidi. Mungu akujalie pale Bakoba mapumziko marefu, afya, wajukuu wabishi, na Mama Yasmin mwenye moyo wa kusamehe habari ya dawa ya kucha. Kwa Kihaya tunakushukuru: kasinge, Mwalimu.

Chaki iko mezani na mlango wa ukumbi tumeuacha wazi, unajua wa nini. Chakula kitasubiri. Kuna mwanafunzi wako amenyoosha mkono tangu mwaka 1997.

Georgina Rutaihwa
Mwalimu wa Baiolojia